Kutoka miamba ya Kilifi hadi sebule ya Kisugu: uhalali wa kufuga samaki waliovuliwa baharini

Samaki wengi wa maji baridi wanaouzwa kwa ajili ya mapambo huzalishwa kwenye mabwawa ya wafugaji. Wa maji chumvi, kwa sehemu kubwa, huvuliwa baharini wakiwa hai. Mjadala wote wa kimaadili kuhusu matangi ya samaki wa baharini majumbani unaanzia kwenye tofauti hiyo. Anayenunua samaki wa dhahabu katika duka la Kampala ananunua mnyama ambaye vizazi vyake vya karne nyingi vimeishi mikononi mwa binadamu. Anayenunua kitatange au kangaja ananunua mnyama aliyekulia kwenye mwamba wa matumbawe, akalijua pango lake, malisho yake na majirani zake, kisha siku moja akatiwa wavuni.

Ukubwa wa biashara hii uliwekwa wazi mwaka 2003, pale kituo cha uhifadhi cha Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, kilipochapisha tathmini yake. Kwa mujibu wa tathmini hiyo, samaki wa baharini kati ya milioni 20 na 24, wa aina 1,471, walikuwa wakiuzwa kila mwaka kwa ajili ya matangi, pamoja na vipande milioni 11 hadi 12 vya matumbawe. Thamani ya yote ilikadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 200 hadi 330. Zaidi ya asilimia 90 ya samaki hao walitoka baharini moja kwa moja. Wanunuzi wakubwa walikuwa Marekani na nchi za Ulaya, lakini tangi la maji chumvi limekwisha kuwa alama ya nyumba nzuri hata katika miji isiyo na pwani.

Katika Afrika Mashariki, kitovu cha uvuvi huu ni pwani ya Kenya. Wapiga mbizi hufanya kazi kuanzia Kilifi na Kikambala hadi Diani na Shimoni, na huwauzia wafanyabiashara wachache wenye leseni ambao husafirisha samaki kwa ndege kwenda ng'ambo. Hairuhusiwi kuvua ndani ya hifadhi za taifa za bahari, kama zile za Malindi na Watamu zilizotangazwa mwaka 1968. Nje ya hifadhi hizo, uvuvi unasimamiwa kwa Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016. Msimu mzuri ni kaskazi, bahari inapotulia na maji yakawa maangavu. Kusi ikivuma, mpiga mbizi haoni mbali na siku nyingi hashuki kabisa.

Mpiga mbizi hushuka na nyavu mbili. Mmoja wenye matundu madogo huutandaza mbele ya mwamba uwe kizuizi. Wa pili ni wa mkono, wenye mpini. Kwa kijiti humsumbua samaki ndani ya pango mpaka atoke na kukimbilia kizuizini, ndipo humkinga kwa wavu wa mkono na kumweka kwenye chombo cha plastiki kilichotobolewa. Ikifanywa kwa ustadi, kazi hii haivunji matumbawe. Kwa upande huo wavuvi wa Kenya wana sifa njema kuliko wenzao wa Ufilipino na Indonesia. Huko sianidi imekuwa ikipulizwa ndani ya mapango ili samaki walewe na kushikwa kwa urahisi, mtindo ulioanzia Ufilipino miaka ya 1960. Sumu hiyo huua matumbawe na viumbe vidogo vilivyo karibu, na samaki mwenyewe mara nyingi hufa baada ya muda, mikononi mwa mtu mwingine.

Wavu mzuri, hata hivyo, haumalizi madhara. Samaki aliyekamatwa kwenye kina kirefu akipandishwa haraka, hewa iliyo katika kifuko chake cha ndani hutanuka na kumbana viungo. Wavuvi wengine humtoboa kwa sindano ili kuitoa. Akifika ghalani huachwa bila chakula siku moja au mbili, ili asichafue maji ya safari. Kisha hutiwa peke yake katika mfuko wa nailoni wenye maji kidogo na oksijeni iliyojazwa juu yake, na mfuko hupangwa pamoja na mingine ndani ya boksi linalozuia joto na baridi.

Kinachotokea ndani ya mfuko huo kinafaa kuelezwa, kwa kuwa ndicho kinachoamua nani afike hai. Samaki anapopumua hutoa kabonidioksidi na amonia. Amonia ni sumu, lakini kabonidioksidi huyafanya maji yawe na asidi zaidi, na katika maji ya namna hiyo sehemu kubwa ya amonia hubaki katika hali isiyo kali. Saa zinavyopita, amonia hulimbikizana bila kumuua. Wakati wa hatari ni mfuko unapofunguliwa: kabonidioksidi hutoka hewani, asidi hupungua, na amonia iliyokuwa imelala hugeuka kali kwa dakika chache. Samaki aliyevumilia safari nzima anaweza kufa mbele ya mnunuzi aliyekuwa akisubiri kwa furaha. Mzoefu humhamisha haraka katika maji mapya yenye joto na chumvi sawasawa na aliyotoka. Asiyejua humwaga maji kidogo kidogo kwa saa nzima, akidhani anamsaidia.

Kisugu, kitongoji cha tarafa ya Makindye kusini-mashariki mwa Kampala, hakina bahari wala harufu yake. Juu yake kuna Muyenga yenye majumba makubwa na kuta ndefu. Jirani ni Namuwongo na bonde la mfereji wa Nakivubo unaopeleka maji machafu ya jiji hadi Ghuba ya Murchison. Kutoka hapo hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara. Mahali kama hapa suala la samaki wa baharini hujitokeza katika hali yake ngumu kabisa, kwa sababu kila kitu anachokihitaji samaki huyo ili awe hai lazima kitengenezwe na mtu.

Jambo la kwanza ni maji. Maji ya bomba ya sehemu hizo hutoka Ziwa Viktoria. Husafishwa Ggaba na kupandishwa kwenye matangi ya kilima cha Muyenga, ambacho wenyeji wengi hukiita Tank Hill kwa sababu hiyo hiyo. Yametiwa klorini, ambayo ni uhai kwa mtu na kifo kwa samaki, hivyo lazima iondolewe kwanza. Kisha kwa kila lita huwekwa takriban gramu 35 za chumvi maalumu. Tangi la lita 200, ambalo kwa samaki wa matumbawe ni dogo, hula kilo 7 za chumvi hiyo kabla ya samaki wa kwanza kuingia, na nyingine kila maji yanapobadilishwa. Chumvi ya jikoni haifai, kwa kuwa haina kalsiamu, magnesiamu na madini mengine yaliyomo baharini.

Halafu kuna urefu kutoka usawa wa bahari. Kampala iko juu kwa takriban mita 1,200. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo oksijeni inayoyeyuka majini ni pungufu. Na maji ya chumvi, tena yaliyopashwa moto, hushika oksijeni kidogo kuliko maji baridi ya kawaida. Usiku wa Kampala joto hushuka chini ya nyuzi 20, ilhali samaki wa matumbawe anataka nyuzi 24 hadi 27. Kwa hiyo pampu na hita lazima zifanye kazi saa zote. Umeme ukikatika usiku wa manane, na mwenye nyumba hana betri wala jenereta, samaki huanza kupanda juu na kuhema. Hakuna aliye macho kuwaona.

La tatu ndilo linaloua wengi kuliko yote, na ni la subira tu. Tangi jipya halina bakteria wa kugeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kujijenga kwenye mawe na mchanga. Anayenunua tangi na samaki siku moja amemleta mnyama katika chumba kisicho na choo. Samaki wa kwanza hufa, mwenye tangi hurudi dukani, wa pili hufa, na dukani huambiwa ajaribu aina nyingine.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Mnunuzi humwona samaki mmoja tu, yule aliyefika. Waliokufa ghalani, waliokufa boksini, waliokufa katika wiki ya kwanza kwenye duka la mji mwingine, wote hawamo katika picha anayoiona kupitia kioo. Lakini wamo katika bei, na wamo katika agizo linalofuata, kwa sababu kila kifo sebuleni hugeuka kuwa oda mpya inayomrudisha mpiga mbizi kwenye mwamba ule ule. Mtu anaweza kuwa mpole kwa kila kiumbe kinachomjia mkononi na bado fedha zake zikaendesha mlolongo wa vifo asivyoviona. Kwa hiyo wema wa mfugaji mmoja mmoja hautoshi kuihalalisha biashara hii. Mzigo wa kuthibitisha kwamba madhara ni madogo unamwangukia anayemfungia mnyama.

Aina za samaki nazo hazilingani, na hukumu moja kwa wote ingekuwa uonevu kwa wafugaji na kwa samaki pia. Wapo samaki wadogo wanaokula chochote na kuishi miaka mingi katika tangi zuri. Wapo wengine ambao kuwauza tu ni kosa. Mfano ulio wazi ni samaki msafishaji, Labroides dimidiatus, mwembamba kama kidole, mwenye mstari mweusi na rangi ya buluu, ambaye ni miongoni mwa wanaosafirishwa sana kutoka Kenya. Kazi yake mwambani ni kula vimelea vilivyo kwenye ngozi, mashavu na vinywa vya samaki wengine. Chewa humfungulia kinywa aingie na kutoka. Katika tangi lenye samaki watano hana vimelea vya kumtosha, na wengi hufa kwa njaa polepole huku wakiendelea kuwazungukia wenzao.

Kumwondoa samaki huyo kunaumiza hata wasiovuliwa. Katika Kisiwa cha Lizard nchini Australia, watafiti waliwaondoa wasafishaji kwenye baadhi ya miamba kwa miaka minane na nusu na kuwaacha kwenye mingine. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kuwa miamba isiyo na wasafishaji ilikuwa na samaki wakazi pungufu kwa asilimia 37, na aina pungufu kwa asilimia 23. Miaka minane baadaye, mwaka 2019, kikundi cha Masanori Kohda wa Japani kiliandika kwamba samaki hao hao walipowekewa alama mwilini na kuonyeshwa kioo, walijisugua mahali penye alama, jaribio ambalo hapo awali lilihusishwa na sokwe, tembo na pomboo. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu maana yake. Lakini ni vigumu, baada ya kulisoma jambo hilo, kumtazama msafishaji ndani ya mfuko wa nailoni kama pambo.

Kangaja wa buluu mwenye pezi la njano, anayepatikana Afrika Mashariki na kupendwa sana na wafugaji, husumbuliwa na ugonjwa wa madoa meupe kila anapohamishwa, na huhitaji nafasi ya kuogelea ambayo sebule chache zinayo. Samaki wa anemoni ni habari nyingine. Yule wa pwani yetu, Amphiprion allardi, mwenye mwili wa kahawia iliyoiva na mikanda miwili myeupe, huishi ndani ya mikono inayowasha ya anemoni bila kudhurika. Kila kundi lina jike mmoja, ndiye mkubwa, dume mmoja, na wadogo wanaongoja zamu. Jike akiondoka, dume hugeuka jike, na mdogo wa kwanza hupanda kuwa dume. Utaratibu huo huziba pengo la mmoja. Wakichukuliwa wazazi wote wawili, kundi hukaa muda mrefu bila kuzaa. Utafiti wa jamaa yake wa karibu huko Papua New Guinea ulikadiria kwamba jike anaweza kufikia miaka 30. Kangaja wa njano wa Hawaii huweza kupita miaka 40. Akifa mwaka wa pili ndani ya tangi, maisha yaliyokatwa si madogo.

Wapo wanaosema samaki hahisi maumivu, na kwamba mjadala unaishia hapo. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake nchini Uingereza waliwadunga samaki aina ya trauti sumu ya nyuki na asidi ya siki midomoni. Samaki waliotiwa asidi walisugua midomo yao kwenye changarawe, waliotiwa kimojawapo waliyumbayumba na kukataa chakula kwa saa kadhaa, na walipopewa mofini dalili zilipungua. Brian Key wa Chuo Kikuu cha Queensland alipinga hoja hiyo mwaka 2016, akisema kwamba ubongo wa samaki hauna sehemu inayozalisha maumivu kwa binadamu. Mwaka 2024 wanasayansi na wanafalsafa wengi walitia saini tamko la New York, lililosema kuna uwezekano wa kweli kwamba wanyama wote wenye uti wa mgongo, samaki wakiwemo, wana ufahamu. Shaka ya namna hiyo haiwezi kumpendelea mwenye nguvu. Mzazi wa Kisugu anayenunua ngege sokoni Ggaba ili watoto wale ana sababu nzito. Mwenye tangi ana sababu ya furaha ya macho, ambayo ni halali lakini ni nyepesi, na sababu nyepesi haiwezi kubeba mateso mazito.

Mila na dini za ukanda huu zimelijua jambo hilo kabla ya maabara. Katika mafundisho ya Kiislamu kuna mtoto aliyekuwa na ndege mdogo, na Mtume hakumkataza. Kuna pia mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Wanazuoni walioziunganisha habari hizo mbili walifikia kwamba kufuga kunaruhusiwa, na kwamba anayefungia anabeba dhamana yote ya aliyefungiwa. Kwa Baganda, mtu wa ukoo wa Mmamba hamli kambaremamba; mnyama wa majini ana heshima ya ndugu. Hakuna mafundisho kati ya hayo yanayomruhusu mtu kumfanya kiumbe pambo na kumsahau.

Hoja nzito zaidi ya kuitetea biashara inahusu riziki ya mvuvi. Tathmini ya UNEP ilitoa mfano wa Maldivi mwaka 2000: kilo moja ya samaki wa mapambo ilikuwa na thamani ya karibu dola 500, wakati kilo ya samaki wa matumbawe wa kula ilikuwa dola 6. Kwa hesabu hiyo, mvuvi anaweza kuchukua wachache, akapata zaidi, na kuwa na sababu ya kuulinda mwamba. Mfano unaosifiwa sana uko Brazili, katika mji wa Barcelos kando ya mto Rio Negro. Familia za huko zimeishi kwa kukamata samaki wadogo wekundu na buluu waitwao tetra kadinali, na msitu ukabaki umesimama kwa kuwa mto ulilipa kuliko ng'ombe au mbao. Samaki hao walipoanza kuzalishwa kwa wingi kwenye mabwawa ya mbali, kipato cha Barcelos kilishuka, na ulinzi wa msitu ukayumba.

Hoja hiyo ni ya kweli, na wapinzani wa biashara hukosea wanapoipuuza. Lakini tetra wa Barcelos huishi muda mfupi, huzaa kwa wingi, na wengi wao hufa kila mwaka maji ya mafuriko yanapopwa. Samaki wa matumbawe wengi huishi miaka mingi na kushikamana na mwamba mmoja. Tena, sehemu kubwa ya thamani haibaki kijijini. Mpiga mbizi hulipwa kwa kila samaki bei iliyo mbali sana na ile inayolipwa dukani London.

Kuruwitu, karibu na Vipingo katika kaunti ya Kilifi, panaonyesha upande wa pili. Wakazi waliona samaki wakipungua kwa sababu ya uvuvi uliopita kiasi, bahari iliyopata joto na ukusanyaji holela wa samaki na matumbawe kwa ajili ya matangi. Mwaka 2005 walifunga eneo la hekta 30, wakaliita tengefu, na hakuna anayevua humo. Lilikuwa la kwanza la namna hiyo kwenye matumbawe ya Kenya kuongozwa na wanakijiji. Samaki walirudi, wageni wakaanza kuja kuwatazama, na mwaka 2017 jumuiya hiyo ikapewa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Samaki hai aliyeko mwambani hutazamwa na kulipiwa mara nyingi. Aliyeuzwa hulipiwa mara moja.

Ni haki pia kusema kwamba matangi si adui mkubwa wa matumbawe. Joto la bahari la mwaka 1998 peke yake liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya na Tanzania, na nyavu za kokoro huondoa samaki wengi kuliko wapiga mbizi wa mapambo. Hata hivyo, kwa aina moja moja, mapambo yanaweza kuwa ndiyo sababu kuu ya kuangamia. Kadinali wa Banggai, samaki mdogo wa mistari myeusi na mapezi marefu, anapatikana kiasili katika visiwa vya Banggai vya Indonesia pekee. Alipogunduliwa upya na Gerald Allen mwaka 1994, wafugaji walimkimbilia, na katika miaka michache mamia ya maelfu walikuwa wakivuliwa kila mwaka. Dume huatamia mayai kinywani na watoto hawaendi mbali na walipozaliwa, kwa hiyo ghuba iliyomalizwa haijazwi na samaki wa ghuba jirani. Mwaka 2007 alitangazwa kuwa hatarini kutoweka. Hawaii nako, mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba vibali vya kuvua samaki wa mapambo kwa nyavu maalumu haviwezi kutolewa bila kuzingatia sheria ya tathmini ya mazingira.

Ufugaji wa kuzalisha umepunguza tatizo kwa aina chache. Samaki wa anemoni huzalishwa kwa wingi tangu miongo kadhaa iliyopita. Kadinali wa Banggai huzaa vizuri kwenye matangi. Kangaja wa njano alishinda juhudi za watu kwa miaka mingi, kwa sababu vifaranga wake huelea majini kwa wiki nyingi na kutaka chakula kidogo kuliko macho yanavyoweza kuona; alizalishwa kwa mara ya kwanza Hawaii mwaka 2015, na kangaja wa buluu ya bahari, Paracanthurus hepatus, mwaka uliofuata huko Florida. Aina nyingi za samaki wa miamba bado hazijawezekana kuzalishwa. Mnunuzi wa Kampala anayetaka samaki aliyezalishwa ana uchaguzi mdogo, na bei yake ni kubwa zaidi, lakini upo.

Uganda ina somo lake katika mambo haya, na ni la maji baridi. Ziwa Viktoria lilikuwa na aina zipatazo 500 za samaki wadogo ambao Baganda huwaita nkejje na Wasukuma furu. Sangara aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960 aliwala, uvuvi na uchafuzi vikaongeza madhara, na inakadiriwa aina zipatazo 200 zilitoweka. Baadhi ya waliobaki wamehifadhiwa kwenye matangi ya Ulaya na Amerika Kaskazini, mengine ya vituo vya wanyama, mengine ya watu binafsi majumbani. Mmoja wao, mwenye dume la rangi nyekundu na njano, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1985, alipewa jina la Julius Nyerere: Pundamilia nyererei. Majike yake huchagua dume kwa rangi, na maji ya ziwa yanapozidi kuwa na tope na mwani, rangi hazionekani na aina huchanganyikana. Kwa samaki kama huyo, tangi safi lililo mikononi mwa mtu makini laweza kuwa kimbilio. Kinachotofautisha tangi hilo na lile la pambo ni kwamba huzalisha samaki wake lenyewe, kizazi baada ya kizazi, bila kurudi ziwani kuomba wengine.

Ziwa hilo hilo limeonyesha pia gharama ya pambo linalotoroka. Gugu maji, lililofunika bandari ya Port Bell katika miaka ya 1990 hadi meli kushindwa kupita, lililetwa Afrika kwa sababu ya maua yake. Huko Florida, samaki simba wa Bahari ya Hindi na Pasifiki alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1985, na chanzo kinachoaminiwa ni matangi ya watu. Leo amejaa Karibiani nzima na kula samaki wa huko. Samaki wa maji chumvi akitupwa Ghuba ya Murchison atakufa tu. Akirudishwa Mombasa na msamaria mwema, aweza kubeba maradhi ya dukani hadi kwenye mwamba. Aliyekwisha kuwa naye ana wajibu mmoja: amtunze vizuri mpaka afe, na asimjazie nafasi kwa mwingine aliyevuliwa.

Kwa matumbawe na farasi wa baharini kuna sheria iliyo wazi. Matumbawe magumu na farasi wa baharini wamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ambao Kenya, Tanzania na Uganda zote ni wanachama; bila kibali cha nchi vilikotoka, ni magendo. Samaki wengine wengi wa mapambo hawamo katika orodha hiyo, kwa hiyo kinachobaki ni dhamiri ya mnunuzi.

Kwa jiji lililo zaidi ya kilomita 1,100 kutoka pwani, lenye umeme usioaminika na maduka machache yenye ujuzi, kununua samaki wa matumbawe aliyevuliwa hakuna utetezi wa kutosha. Atakayetaka tangi la maji chumvi Kisugu aanze na mawe, mchanga na subira ya wiki sita, kisha atafute samaki wa anemoni aliyezalishwa, na asimnunue msafishaji wala kangaja wa kuvuliwa hata akiuzwa kwa bei ya kutupa. Muuzaji asiyeweza kutaja samaki alitoka wapi, alifika tarehe gani, na leo asubuhi alikula nini, asipewe fedha.